Wimbo Tuliouitikia Amina

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi yetu, ambaye hukuja lakini kiti chako kimekuja na kitambaa cheupe juu yake. Bwana Wafula, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi huu na mshika ufunguo wake. Mchungaji Gedion na mkeo, Mama Mchungaji Lenah. Mzee Boga, ambaye umenizidi umri kwa njaa moja tu, kama tunavyohesabu miaka sisi wa zamani, lakini shikamoo yako nakupa, pamoja na wazee wote mliopitia hapa mkitoka kuswali Ijumaa. Bwana Jefwa wa ofisi ya kupeleka wasichana Uarabuni, wewe uliyefunga tai kwenye joto hili. Akina mama wa Ukunda, wa bara na wa pwani. Wapishi mlioko nyuma, ambao bila nyinyi hapa pangekuwa na mimi na viti. Na wewe Dianah, mjukuu wangu, ambaye ndege yako ni ya kesho: hamjambo nyote?

Sijasikia. Hamjambo?

Haya. Sasa nimejua mmeshiba.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni Mumbe, mjane wa Nzau. Nilikuja huku pwani nikiwa bibi harusi, tukapewa shamba la skimu kule Shimba Hills, nikalima, nikazaa, nikazika mume, na nyanya mnazonunua sokoni pale Kona ya Musa mkizibonyeza bonyeza ni zangu. Shule sikwenda hata siku moja. Bwana Wafula amenipa karatasi ya hotuba yenye maneno mazuri, nami nimeiwekea sahani yangu isichafue meza. Mfawidhi wetu Muthoka ameninong'oneza, akiniita bibi kwa Kikamba chetu, "Susu, dakika tano tu." Muthoka mwanangu, mimi nilikuwa nikikuosha masikio ulipokuwa mdogo, na dakika tano hazikutosha hata sikio moja.

Nimewasikiliza nyote mliotangulia. Mmesema vizuri mno. Mchungaji amesema Dianah ni nuru ya kanisa letu. Mzee Boga amesema ni binti mwenye adabu ingawa si wa dini yake. Bwana Wafula amesema ni hazina ya mtaa, na Bwana Jefwa, aliyemjua juzi, amesema ni balozi wa Kenya. Nikamtazama mjukuu wangu nikajiuliza, huyu anasafiri ama amefariki?

Maana mtu kusifiwa hivi na watu wale wale waliomfungia mlango, mimi kwa umri wangu nimeona matangani tu. Na mlango wenyewe ni huu hapa. Ulifungwa asiingie kufundisha ngoma, leo umefunguliwa ili aagwe ndani yake. Mimi nimeitwa nije niseme baraka za safari, na nitafika huko, msiwe na haraka, pilau bado ipo. Lakini kabla sijambariki mtu kwenda, ni lazima wageni hawa wajue ni kitu gani kinampeleka.

Dianah aliachwa na mumewe akiwa na mtoto mchanga. Akaenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, mtoto, huyu Mwendwa, akabaki nami shambani. Sikuja hapa kuwasema Waarabu vibaya. Nyumba aliyofikia ilikuwa ya watu wa kawaida, wenye hasira za kawaida na wema wa kawaida. Alisugua ngazi. Zilikuwa ngazi nyingi. Kwa nini mtu ajenge nyumba ya kupanda kama mnazi, sijui. Nyumbani humo mlikuwa na mabinti wa mwenye nyumba, na mlikuwa na bibi kizee, mama yake mwenye nyumba, miguu imekataa. Jioni wale mabinti walifunga mlango, wakaweka muziki, wakacheza wao kwa wao, nywele zinakwenda kushoto, zinakwenda kulia, kama ng'ombe anayefukuza nzi. Bibi akawa ananung'unika kitandani kwake. Dianah alipoanza kuijua lugha yao akamwuliza, "Hajati, nani amekuudhi?"

Akajibiwa, "Hawa watoto. Huo wimbo ni wa harusi yangu. Makofi ni yetu, ngoma ni yetu, tulikuwa tukipiga sisi wanawake usiku wa kumtoa bibi harusi. Sasa vijana wa mjini wameuchukua wakautia mashine tumboni."

Basi ndivyo ulivyo muziki huo, kwa msioujua. Si wa kale na si wa leo. Juu yake kuna udi, kuna filimbi, kuna makofi ya wanawake wa zamani. Chini yake kuna besi inayogonga kama jenereta la hoteli stima zikipotea. Wanaucheza wameshikana mikono mstari mmoja, wakikanyaga chini kwa kishindo kama walivyokanyaga babu zao, halafu ghafla mmoja anajitoa katikati na kufanya yale mambo ya vijana wa mijini, ya kujizungusha kwa kichwa na kujikunja kama hana mifupa. Na bibi zao wanakasirika! Nilipoambiwa hivyo nilifurahi kupita kiasi. Nilidhani ni sisi peke yetu ndio tunaokasirika.

Siku moja Dianah akanipigia ile simu ya picha, akamshikisha yule bibi. Yeye hajui Kiswahili, mimi sijui Kiarabu. Tukatazamana. Yeye hana meno, mimi nina machache ya kuonyesha wageni. Akaanza kupiga makofi, yale makofi ya kukatizana, huyu anapiga hapa na mwenzake anajaza pengo. Nikasikiliza, nikasikiliza, nikajaza pengo. Yule bibi alicheka mpaka utaji ukamwanguka! Tukapigiana makofi, yeye kule na mimi huku jikoni, mpaka mboga ikaungua. Wallahi. Mimi Mkristo wa kubatizwa nasema wallahi.

Mkataba ukaisha, Dianah akarudi. Alipofika mlangoni Mwendwa alikuwa ameshaanza shule. Mtoto akamtazama mamake, akampa shikamoo ya mgeni, akaja akanivuta leso: "Susu, huyu ndiye mama wa simu?"

Nyie mliozaa mmeweka vijiko chini. Nami siku ile nilikwenda kumkama mbuzi aliyekwisha kukamwa.

Kuanzia siku ile Dianah aliapa kwamba kazi atakayofanya itakuwa kazi ya kurudi nyumbani jioni. Wenziwe hurudi na friji na mazulia. Yeye alirudi na spika moja kubwa kama kabati na nyimbo zake ndani ya simu. Akaomba ukumbi huu afundishe kucheza. Bwana Wafula akampa, na sifa hiyo nakupa Bwana Wafula, usije ukasema nilikuja kukuvua nguo tu. Wasichana wakaja kwanza, kina Gillian wa saluni na wenziwe. Halafu mama zao. Halafu nikaja mimi, nimejiandaa kabisa kukasirika. Nilikuwa hata nimevaa kiatu cha kupigia.

Nikaketi pale dirishani. Wimbo wa Kiarabu, sawa. Lakini bega? Lile bega nalijua! Lile bega ni la Ukambani, lile tunalolitikisa mpaka shanga zinalia zenyewe. Nikauliza, "Dianah, hilo bega umelitoa wapi?" Akasema, "Kwako, Susu, kwenye harusi ya shangazi." Na kiuno je? Kiuno ni cha sengenya, ile ngoma ya Wadigo, alikileta Bi Hafsa huyu hapa kutoka kwao Msambweni. Bi Hafsa, kwa wageni, naye alifanya kazi Uarabuni zamani, Kiarabu anakisikia kama ninavyosikia mimi kelele za kunguru. Mumewe alipomfia na eda yake ikaisha, hakutoka ndani. Tulimwita, tukampelekea uji, hakutoka. Kilichomtoa ni spika ya Dianah. Alisimama mlangoni pale akasema yeye hatua za ngoma hawezi kuzihesabu. Dianah akamwambia, "Usihesabu, Bi Hafsa, cheza tu, kiuno kitajua." Na kweli kilijua. Wasichana nao wakatia ile miguu yao ya kwenye video, na ikawa ngoma isiyo na mwenyewe na kila mtu ni yake.

Tabu ilikuwa nywele. Waarabu wanarusha zao. Zetu sisi ni za kununua. Gillian alirusha kichwa kwa nguvu zote, nywele zikatoka mzigo mzima zikamwangukia Bwana Wafula mapajani, akaruka kiti akidhani ni paka. Usitikise kichwa, Bwana Wafula. Uliruka, na ukasema neno ambalo si la mwenyekiti.

Basi mambo yalikwenda vizuri mpaka siku ya kuzindua tangi la maji. Hapo ndipo penye kisa, na hapo ndipo wengi wenu mmeanza kutazama sahani zenu.

Siku ile kanisa lote lilikuja, msikiti wote ulikuja. Ratiba ilikuwa hivi: Mchungaji aombe, Mzee Boga asome dua, bomba lifunguliwe, halafu kina Dianah watumbuize. Mchungaji akaomba, akaombea tangi, akaombea fundi, akaombea na mabomba ya wilaya jirani. Alipomaliza, Muthoka huyu akapunga mkono kumwita Mzee Boga aje mbele. Gillian aliyekuwa kwenye spika akadhani ameitwa yeye. Akabonyeza.

Sasa nyimbo hizi, wenzangu, haziingii kwa fujo. Huanza polepole. Hakuna ngoma, hakuna makofi. Ni sauti ya mwanamume peke yake, inapanda, inashuka, inatetemeka, inalivuta neno moja mpaka unamhurumia. Mzee Boga akadhani tumemletea kijana msomaji kutoka Mombasa kumheshimu. Akafurahi, nilimwona. Akainua viganja. Wazee wote wakainua viganja. Mchungaji Gedion, ambaye alikuwa ametoka juzi kwenye semina ya kuheshimiana kidini kule Kwale, akavua kofia, akainamisha kichwa, akawakonyeza waumini wake wote nao wainamishe. Bwana Wafula akafumba macho kwa nguvu kama mtu aliyeingiwa na sabuni. Mimi nami nikasema, jina la Mungu halina kabila, nikainama. Na kila ile sauti ilipotua kuvuta pumzi, tukaitikia: Amina! Inapanda tena, inalia, inatua: Amina! Wengine wakawa wanatokwa na machozi.

Nikamsikia Bi Hafsa nyuma yangu anaitafuna leso yake. Nilidhani ni kwikwi. Baadaye ndipo aliponieleza yule mwanamume alikuwa akisema nini. Alikuwa akisema kwamba kaka wa mpenzi wake ameegesha lori mbele ya lango, kwa hiyo hawezi kumwona binti akianua nguo, naye anaomba magurudumu yote ya lori lile yatoboke.

Na sisi, mtaa mzima, dini zote mbili, tukasema amina!

Halafu besi ikaingia. Mungu wangu! Tangi lenyewe lilitetemeka. Kina Dianah wakaruka mbele na mabega, viuno, makofi, na watu mikono yao bado iko juu, hawajui waishushe wapi. Kuna waliojipangusa uso. Kuna aliyejifanya anafukuza mbu mchana kweupe. Mchungaji alirudisha kofia kichwani, akaiona ni ya mwenziwe. Mimi nilicheka mpaka nikaketi chini kwenye matope ya tangi. Ningecheka mpaka leo. Lakini nyinyi hamkucheka, na video ikazunguka kwenye simu mpaka Lungalunga, na wageni wanaokuja sokoni kwangu wakawa wananiuliza, "Bibi, hapa ndipo kwa watu wa lori?"

Mkaitisha kikao. Naomba hapa mnisikilize vizuri. Mtaa huu umeshindwa kukaa pamoja kwa habari ya takataka. Umeshindwa kwa habari ya mtaro unaomwagika barabarani. Kwa habari ya taa ya njiani mlikaa mkagombana mkaondoka gizani. Lakini kwa mjukuu wangu, Mchungaji na Mzee walikaa benchi moja na wakapeana maji ya kunywa. Mchungaji akasema wimbo huu unawavuta watoto wetu kwenye Uislamu. Mzee Boga akasema wimbo huu unawatoa watoto wetu kwenye Uislamu. Wimbo ni ule ule mmoja! Nao wote wawili wakapigiwa makofi, na Bwana Wafula akaandika kwamba tumekubaliana kwa kauli moja. Kufuli likanunuliwa siku hiyo hiyo. Taa ya njia mpaka leo haijanunuliwa.

Siku ile mimi nilikuwa nje, na nje nilikuta wake wawili wamekaa kwenye ngazi na mifuko yao ya nguo za mazoezi, wakisikiliza waume zao ndani wakiifunga ngoma. Sitawataja. Mmoja nimeshamtaja kwenye salamu. Mama Mchungaji, usizame kwenye sahani, hatukuoni vizuri.

Niwaambieni ninavyoona mimi nisiyesoma. Hamkukasirika kwa sababu ya dhambi. Dhambi mnaijua, mnaishi nayo vizuri tu. Mlikasirika kwa sababu mliitikia amina mapema, na mkaona ni rahisi kumfungia binti mlango kuliko kujicheka. Nami niliitikia! Kwani nimepungukiwa nini? Mungu aliisikia ile amina, akatazama chini, akaliona lori, akacheka, akaendelea na kazi zake. Nyinyi peke yenu ndio mlioshikilia hasira.

Na kama kweli ni dhambi, mbona haivuki barabara? Kuna hoteli kule ufukweni, jina silitaji, wana karamu yao kila Alhamisi wanaiita Usiku wa Uarabuni. Wimbo ni ule ule wa lori. Muthoka huyu, mtoto wa Kitui wa kuzaliwa, anavishwa kilemba na ndevu za gundi, anaitwa Shehe, anagawa juisi. Vijana wa kwaya ya Mchungaji wanabeba sinia. Mkwe wa Mzee Boga ndiye anayepeleka ngamia. Na sijasikia kikao. Wimbo ukichezwa mbele ya Mzungu ni utalii. Ukichezwa na Bi Hafsa ili asife kwa huzuni, hapo ndipo imani inapotikisika.

Nimejifunza na jambo jingine. Wimbo wa Kiarabu ukiucheza hapa Ukunda, mtoto wako yuko karibu, jioni unakwenda naye nyumbani, hiyo ni aibu. Lakini wimbo huo huo ukiusikia kupitia ukutani, wewe umepiga magoti unasugua ngazi za watu, mtoto wako anakuita mama wa simu, hiyo ni ajira. Unapikiwa pilau. Unaitwa balozi. Na mheshimiwa anatuma kiti.

Bwana Jefwa, usiguse tai, sina ugomvi nawe. Wewe unakaa karibu na milango inayofungwa, basi, na sisi ndio tunaoifunga.

Sasa tufike kwenye baraka.

Kwetu Ukambani mtu hashiki safari mpaka nyanya amtemee mate kifuani. Ni mate mepesi ya kumwambia nenda ufike, na ukifika urudi. Asipotemewa haendi. Mara ya kwanza nilimtemea, na nililia baadaye nikiwa peke yangu na mbuzi. Leo asubuhi amekuja jikoni kwangu amepiga magoti. Nikamwambia ningoje ukumbini, mbele ya watu. Haya, watu ndio hawa. Nimekunywa soda zenu, nimekunywa na maji, na koo langu ni kavu kama unga.

Dianah, simama. Usimtazame Bwana Jefwa, nitazame mimi niliyekulea. Mwanangu, unataka kwenda?

Rudia. Wa nyuma hawakusikia, na wapishi wanagonga sufuria. Nyamazeni na hizo sufuria! Rudia.

Mmesikia? Amesema, "Susu, sitaki kwenda. Lakini nikikaa, nitakaa nikifanya nini?"

Hilo swali si langu. Mimi nina kitanda na muhogo, na hivyo anavyo siku zote. Swali ni lenu nyinyi mliomwita hazina. Bwana Wafula, ukumbi huu atarudishiwa ama harudishiwi?

Unasema nini? "Kamati itakaa"? Jamani, kamati imekaa! Katibu yule pale, ameshika mfupa. Mweka hazina yule, amekaa viti viwili. Makamu wako amejificha nyuma ya kiti cha mheshimiwa. Kaeni vivyo hivyo mlivyokaa, msisimame, mtamwaga mchuzi.

Kelele? Haya, tuzungumze kelele. Dianah alikuwa akiizima spika kila adhana na kila kwaya ikianza mazoezi, mwulize Mzee Boga, anajua. Anatikisa kichwa kukubali. Jingine? Kuchanganyika wanaume na wanawake. Basi wanawake peke yao. Wanaume wenyewe walikuwa wanakuja kutazama tu na kumaliza maji. Jingine? Maneno ya nyimbo. Bi Hafsa atatueleza kila wimbo unasema nini kabla hatujaunyoshea mguu, na wenye matusi tutauacha. Wa lori tutaucheza. Wa lori nimeupenda.

"Siku gani"? Jumatano na Jumamosi. Jumatano kuna kwaya? Basi, kwaya ibaki na Jumatano yake. Tupeni Jumamosi, kutwa nzima. "Nusu siku"? Bwana Wafula, wewe ni mteja wangu wa nyanya, unajua nikishapunguza mara moja sipunguzi tena. Nimekuachia Jumatano nzima. Jumamosi kutwa.

Nani anakubali? Inueni mikono juu tuione. Wapishi, nanyi ni watu, inueni. Gillian, mmoja unatosha. Bi Hafsa, naona. Mchungaji anamtazama Mzee Boga aone atafanya nini, na Mzee Boga anamtazama Mchungaji. Wazee wangu, mtavunjika shingo. Mama Mchungaji ameinua! Haleluya. Mungu akupe maisha marefu, wewe na mfuko wako wa mazoezi. Mzee Boga, huo ni mkono ama unaita soda? Ni mkono! Ni mkono, ameinua, Mungu akuweke, babu. Mchungaji hakuinua, lakini hakuushusha wa mkewe, na mimi hiyo naipokea. Bwana Wafula?

Semea hapa kwenye maiki, usije ukasema kesho ulikuwa unapiga chafya. "Jumamosi kutwa, akina mama peke yao." Mmemsikia? Haya, mpeni mwenyekiti makofi yake, leo ameyapata kwa jasho.

Dianah, njoo hapa. Usilie, utanichafulia leso, ni ya kuazima. Leta viganja, kifua sikitaki leo. Vifungue. Haya: miguu yako ipate kazi hapa hapa tulipo. Wanaokuja kwako wamechoka watoke wanacheka. Mwendwa akikutafuta jioni akukute. Fuu! Haya ni mate ya kukaa. Ya kwenda sina, na hata ningekuwa nayo ningeyameza.

Bwana Jefwa, kula ushibe, wewe ni mgeni wetu na hukutukosea. Akina mama, mfungieni na ya kupeleka nyumbani. Ukiulizwa ofisini, sema tu kwamba nyanya yake alikauka koo; waliozaliwa Ukambani watakuelewa.

Nawashukuru wapishi, nawashukuru wenye kiti na kiti chenyewe, na nawashukuru nyote mlioniachia masikio yenu kwa muda wote huu. Sasa nawarudishia, mwende nayo salama. Dianah, nenda nyumbani ukafungue begi, mwanangu, utoe vitu vyako. Kesho ni Jumamosi.